Hodi Bila Jina

Kwetu mtu akibisha hodi huulizwa, "Nani?" ndipo akaribishwe. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini waliobuni barua pepe hawakuliweka swali hilo mlangoni tangu mwanzo.

Mwezi Agosti 1982, Mmarekani Jonathan Postel alichapisha kanuni za kompyuta kupelekeana barua, ziitwazo SMTP. Seva iliyobisha hodi ilijitaja, kisha ikataja mtumaji na mpokeaji; nayo iliyopokea iliamini. Wala haukuwa ujinga. Mtandao ulikuwa mdogo, wa vyuo na taasisi za utafiti, na kumfikishia mgeni barua yake ulikuwa msaada wa kijirani, maana si kila kompyuta iliweza kuifikia kila nyingine.

Katika miaka ya 1990 biashara iliingia. Wachuuzi waliziona seva zisizouliza, wakazitwika matangazo maelfu kwa maelfu, gharama akizibeba mwenye seva. Wema ukamponza. Mwaka 1998 programu ya Sendmail, iliyotumika sana wakati huo, ilitolewa ikiwa imeufunga mlango huo. Na Machi 1999 ikachapishwa kanuni ya mtumaji kujitambulisha, kwa mfano kwa neno la siri, kabla seva haijambebea barua yake.

Lakini neno la siri humtambulisha mtu kwa seva yake tu. Seva inayowapokelea watu wake barua haiwezi kulidai kwa kila mgeni duniani. Ikilidai, nani atawaandikia? Hadaa ikaendelea. Nimepata kupokea barua yenye anwani ya ndugu yangu ikiniomba fedha, naye hakuwa ameandika hata herufi moja.

Dawa ilikuja polepole. SPF, iliyochapishwa 2006, humwezesha mwenye kikoa, yaani jina lile lifuatalo alama ya @, kutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. DKIM, ya 2007, huipiga barua muhuri wa kihisabati. DMARC, ya 2015, humweleza mpokeaji la kufanya mambo hayo yasipolingana na jina lililoandikwa. Februari 2024 Google na Yahoo zilianza kuwadai watumaji wa barua nyingi zote tatu.

Hata hivyo, muhuri huthibitisha nyumba barua ilikotoka, si moyo wa aliyeiandika. Tapeli naye hununua kikoa chake, akakipigia muhuri halali. Ndiyo maana siku hizi barua ya ndugu ikitaja fedha, huiacha pale pale, nikampigia simu mwenyewe.