Shilingi Mbili Mpakani

Msomaji, ukishika njia ya Eldoret kuelekea magharibi utafika Malaba, na ukishika ile ya Kisumu na Maseno utafika Busia. Kila mmoja wa miji hii miwili una pacha wake: jina moja upande wa Kenya, na jina lile lile upande wa Uganda. Wateso na Wasamia wana jamaa zao ng'ambo zote mbili, na mahindi, samaki, saruji na mafuta hupita hapo usiku na mchana. Wingi wa bidhaa hizo si mgumu kuhesabu, maana kuna magunia na matangi. Thamani yake ndiyo iliyowasumbua makarani wa hesabu kwa zaidi ya miaka hamsini, na habari ya taabu hiyo ndiyo nitakayo kukusimulia.

Mpaka wenyewe ni mgeni. Kabla ya mwaka wa 1902 nchi hii ilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa himaya ya jirani, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka wa 1917 nchi hizi mbili ziliunganishwa katika mambo ya ushuru wa forodha, na fedha nayo ilikuwa moja. Sisemi kwamba fedha hiyo ilikuwa shwari siku zote. Katika mwaka wa 1920 iliamriwa kwamba rupia, ambayo kabla ya Vita Kuu ilikwenda 15 kwa pauni moja, sasa iwe 10 kwa pauni. Mtu aliyekuwa amekopa rupia 1,500, deni la pauni 100, alijikuta anadaiwa pauni 150, hali hakuongeza hata senti katika mkopo wake. Kisha rupia ikapisha florini, na muda si mrefu florini ikapisha shilingi. Walakini misukosuko hiyo iliwapata watu wa pande zote mbili za mpaka kwa namna moja. Duka la Busia lilihitaji daftari moja tu, na ndani yake shilingi ilikuwa shilingi.

Mwaka wa 1966 mambo yaligeuka. Uganda ilitoa shilingi yake mwezi wa Agosti, na Kenya ikatoa yake Septemba. Mwanzoni zililingana thamani, hata mwenye duka hakuona tofauti ila ya sura ya noti. Baadaye zikaachana, na tangu hapo kila deni lililovuka mpaka lilibeba swali ndani yake: ni shilingi ipi, na kwa kiwango cha siku gani?

Tuchukue mfano, nao ni wa kubuni. Kampuni ya Malaba, upande wa Kenya, inauza saruji kwa mkopo ng'ambo kwa shilingi 10,000,000 za Uganda. Siku ya mauzo shilingi 1 ya Kenya ni shilingi 25 za Uganda, basi karani anaandika kwamba kampuni inadai shilingi 400,000 za Kenya. Mwaka unafungwa, mteja hajalipa, na sasa shilingi 1 ya Kenya ni 32 za Uganda. Deni ni lile lile, mteja ni mwaminifu kama jana, lakini thamani yake imeshuka hadi 312,500. Je, zile 87,500 zimepotea, au zinangojewa?

Wahasibu wa ulimwengu hawakukubaliana upesi. Kamati yao ya kutunga kanuni za kimataifa iliundwa London mwaka wa 1973, na kanuni ya fedha za kigeni, yaani ya 21, ikatoka 1983. Hiyo ya kwanza ilikuwa na huruma nyingi: tofauti iliyotokana na deni la muda mrefu iliweza kuahirishwa na kugawanywa katika miaka ijayo. Kwa maoni yangu huruma hiyo iliwafaa wakurugenzi kuliko wenye hisa. Mwaka wa 1993 mlango huo ulifungwa. Taasisi ya wahasibu wa Kenya, iliyoundwa kwa sheria mwaka wa 1978, ilikuwa na kanuni zake yenyewe. Lakini ikaamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1999 hesabu za makampuni zifuate kanuni za kimataifa.

Basi kampuni ya mfano wetu haina budi kuandika hasara ya 87,500 mwaka huo huo, ingawa hakuna mtu aliyeiba wala gari lililopinduka. Bidhaa iliyolipiwa na kuwekwa ghalani haiguswi na hukumu hiyo. Hubaki kwa kiwango cha siku iliponunuliwa. Ni fedha, na madai ya fedha, ndiyo yanayopimwa upya. Faida ikipungua, gawio la wenye hisa hupungua, na benki iliyokopesha huanza kuuliza maswali. Mtoza kodi naye ana kipimo chake: sheria ya kodi ya Kenya huitambua hasara ya namna hii baada ya kupatikana kwa kweli, deni linapolipwa. Kwa hiyo kampuni moja, mwaka mmoja, yaweza kuwa na faida mbili zisizolingana, na zote mbili ni halali.

Lakini kanuni hii ilidhani kwamba kiwango cha siku chajulikana, na hapo Busia ingaliweza kuifundisha. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, shilingi ya Uganda ilikuwa na bei mbili: ya serikali, na ya magendo. Kwa bei ya serikali deni la ng'ambo lilionekana zima katika mizania. Sokoni, chini ya mwembe, halikununua hata nusu ya kilichoandikwa. Mwaka wa 1987 serikali ya Uganda ilitoa shilingi mpya moja kwa kila 100 za zamani, na katika ubadilishaji huo ikakata kodi ya asilimia 30.

Mwaka wa 2018 kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa rasmi Busia na marais wa nchi zote mbili, na siku hizi gari hukaguliwa mara moja tu. Shilingi zimebaki mbili. Mkataba wa sarafu moja ulitiwa sahihi Kampala mwaka wa 2013, na mwaka wa 2024 uliokusudiwa ukapita bila sarafu hiyo. Nyongeza ya kanuni ya 21, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, sasa yasema kwamba fedha isipoweza kubadilishwa kwa kiwango kilichotangazwa, mhasibu akadirie kiwango ambacho watu wangekubaliana kwa kweli siku hiyo, na aeleze alivyokipata. Karani wa Busia wa mwaka wa 1977 alikijua kiwango hicho kila asubuhi, kwa kuwauliza wachuuzi. Hakuwa na ruhusa ya kukiandika.