Mwaka Tabora Ilipopoteza Mtemi, Kaizari Akanena Kiswahili

Kila inapofika Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, redio zetu hurudia hotuba zake tangu alfajiri. Azimio la Arusha hutajwa, vita vya Kagera hutajwa. Kitabu alichokitoa mwaka 1963, katika mwaka wake wa kwanza wa urais wa Jamhuri ya Tanganyika, hutajwa kwa nadra, na wengi wanaokitaja huishia kwenye jina la jalada.

Ni tafsiri ya tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Mwaka 1969 aliipitia upya ikatoka kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Kabla ya tafsiri hizo, mwaka 1951, Shaaban Robert alikwisha kutupa Kusadikika, nchi ya kubuni ambamo wajumbe wanaoleta ushauri mwema huishia kifungoni na Karama hushtakiwa kwa kufundisha sheria. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hakuwa mgeni wa hadithi za watawala wakorofi.

Mfasiri wa Kaizari alikuwa zao la Tabora. Alisoma pale shule ya serikali, iliyoanzishwa kwa ajili ya wana wa watemi, kuanzia 1937 hadi 1942. Baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's, chini ya Padri Richard Walsh, hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Shule zilimpa Kiingereza cha Shakespeare. Ila mji wenyewe ulikuwa na tamthiliya yake ya madaraka, na ingefaa ifundishwe bega kwa bega na ile ya Roma.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, himaya ya Tabora, alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, kiti kilikwenda kwa Mnywa Sere. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita mlangoni pake, ikisheheni pembe za ndovu, vitambaa, bunduki na watumwa. Mtemi mpya akataka ushuru kwa bidhaa za wafanyabiashara Waarabu. Wakakataa. Hawakuishia hapo: walimtafuta mtu mwingine wa ukoo wa utemi, Mkasiwa, wakamwunga mkono kwa bunduki zao mpaka akakaa kitini, na Mnywa Sere akakimbilia porini.

Haya tunayapata zaidi kwa Mwingereza John Hanning Speke, aliyekutana na mtemi huyo mfukuzwa mwaka 1861 na kusikia shauri lake kutoka kinywani mwake. Speke alivutiwa naye waziwazi, akamwona kama mkuu wa majambazi wa hadithi za kale, na akajaribu kupatanisha pande mbili. Hakufaulu. Vita vilimla Snay bin Amir, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Kaze, jina la zamani la Tabora, na njia ya misafara ikawa ya hofu kwa miaka. Mwaka 1865 Mnywa Sere alikamatwa na kuuawa. Mkasiwa akabaki, lakini akawa mtemi anayejua nani alimkalisha. Kwangu mimi huo ndio udhalimu unavyoanza: mtu anapopokea kiti kutoka kwa wachache wenye mali na silaha, amri zake huwatazama wao kwanza. Baadaye Mirambo, mtemi jirani wa Urambo, akaja na vita vyake, Isike, mtemi wa Unyanyembe, akajilipua mwaka 1893 kuliko kuanguka mikononi mwa Wajerumani, na mengine yanafahamika.

Sasa fungua Juliasi Kaizari. Kaizari anapewa taji mara tatu mbele ya umma na mara tatu analisukuma, kila mara kwa mkono laini zaidi, huku watu wakishangilia. Brutus, peke yake usiku, anakubali kwamba mtu huyu bado hajakosa; anamwua kwa sababu ya atakavyokuwa kesho. Kisha anasimama kueleza umma kwamba ameua dhuluma, na mtu katika kundi anapaza sauti kwamba Brutus ndiye awe Kaizari. Hilo hunitisha kuliko damu yote ya mchezo. Kiti kilikuwa bado na watu waliotamani apatikane mtu wa kukikalia.

Antony, rafiki wa Kaizari, anauteka umma kwa wasia wa marehemu, unaoahidi fedha kwa kila raia. Watu wanakwenda kuchoma nyumba, na mshairi asiye na hatia anauawa kwa kuwa jina lake limefanana na la mwasi. Tukio linalofuata, Antony ameketi na wenzake wawili wakiweka alama kwenye majina ya watakaokufa, naye anamtoa mpwa wake bila kusita. Hapohapo anaagiza wasia uletwe, waangalie jinsi ya kupunguza zile ahadi.

Mwaka ambao maneno hayo yaliingia katika Kiswahili, Tanganyika ilikuwa ikipanga upya madaraka yake. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilikuwa imepitishwa 1962. Mwaka 1963 utemi ulifutwa nchini kote, na halmashauri kuu ya chama tawala, TANU, ikaamua nchi iwe ya chama kimoja. Mwaka huohuo Chifu Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe mwenye jina la yule wa karne ya 19, msomi wa Tabora na Makerere kama Nyerere na waziri wa sheria baada ya Uhuru, aliondoka serikalini.

Simlinganishi Mwalimu na Antony. Aliachia urais mwaka 1985 kwa hiari, na mwenyewe alisema kwamba Katiba ilimpa uwezo wa kuwa dikteta kama angetaka. Lakini kauli hiyo inatutia jukumu sisi, maana inakiri kwamba ulinzi wetu ulikuwa tabia ya mtu mmoja. Mfasiri wa Brutus alijua vizuri kwamba huo si ulinzi wa kutosha.

Fundikira alirejea jukwaani mwaka 1991 akiongoza kamati ya kudai mageuzi ya Katiba. Nyerere naye alikwisha kuruhusu mjadala wa vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilika. Chifu alifariki mwaka 2007.

Shule ya Tabora ingali pale, na Kwihara, alikokaa Livingstone, inapokea wageni. Wizara ya Elimu na wachapishaji wakirudishe Juliasi Kaizari mikononi mwa wanafunzi kwa bei wanayoimudu, na walimu wa Tabora wakiigize katika mji huo, pamoja na kisa cha Mnywa Sere.