Sauti ya wazee na formati ya kuichunga

Mu mwaka wa 1952, Hugh Tracey, Muingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Alikuta pale kijana mupiga gitare, Mwenda wa Bayeke Jean Bosco, akanasa sauti yake ku mashini. Njo namna wimbo « Masanga » ulitoka Katanga ukajulikana mbali. Mu 1954 Tracey akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika. Ingali inachunga kazi yake, ku chuo kikuu cha Rhodes.

Sisi je, tunachunga namna gani? Wengi wetu tuna kaseti za wazee mu sanduku, na vijana wanatuambia: « Tuingize yote mu MP3. » Tusikilize kwanza hesabu. Dakika moja ya muziki mu formati WAV, sawa ku CD, inakamata karibu mega 10. Mu MP3 ya kawaida, karibu mega 1. Zile 9 zimeenda wapi? Mashini imetupa sauti inazofikiri kwamba sikio halitazisikia, na hazirudi tena. Ukigeuza MP3 kuwa WAV, ni sawa kumwanga glasi ya maji mu bidoni: bidoni ni kubwa, lakini maji ni ile ile.

Kuko formati ingine, FLAC, iliyotoka mu 2001. Hii inapunguza fishiye karibu nusu, bila kutupa kitu. Ni sawa kikwembe: unakikunja, unakikunjua, hakuna uzi uliopotea.

Tunasema hivi kwa sababu yametufikia. Mu jamaa yetu, kaseti ya babu mupiga likembe iligeuzwa MP3 ndogo sana ili iingie mu telefoni, kisha wakanasa mambo mengine juu ya kaseti. Leo sauti ya babu inasikika, lakini ule mlio wa vipete vya chuma, ambao kwetu njo utamu wenyewe wa likembe, umebakia sawa mchanga.

Basi, wandugu: nakala mama iwe WAV ao FLAC, iwekwe pahali pawili. MP3 iwe ya kusikiliza na kugawa tu. Muandike jina la muimbaji, kijiji na mwaka. Na kaseti, musiitupe: mashini bora inaweza kuja kesho, lakini muzee hatarudi kuimba.