Toba ya Kulazimishwa: Habari za Gereza la Cherry Hill

Kwa karne nyingi kumfunga mtu hakukuwa adhabu, bali ilikuwa njia ya kumzuia asikimbie mpaka hakimu amkatie hukumu. Na hukumu ilipokatwa iliangukia mwili wake au mali yake, ikiwa ni bakora, au faini, au chapa ya moto, au kuhamishwa ng'ambo, au kitanzi, hata ikawa katika Uingereza ya karne ya 18 makosa yaliyompasa mtu kunyongwa yamepindukia 200. Basi ilipozuka fikra kwamba, badala ya kuutesa mwili wa mkosaji, serikali imtwalie sehemu ya umri wake, ili aitumie katika kuihesabu nafsi yake na kutubia, fikra hiyo ilipokewa kama rehema, na walioipigania walikuwa watu wema, wacha Mungu. Nalitanguliza hili kwa makusudi, kwa sababu msiba nitakaousimulia haukuletwa na madhalimu.

Mwaka 1787 raia kadha wa mji wa Philadelphia, katika Marekani, waliunda jumuiya ya kuwapunguzia taabu watu waliomo magerezani. Wengi katika wao walikuwa wa madhehebu ya Marafiki, yale ambayo huku kwetu yana wafuasi wengi tangu wamisionari wake walipofika Kaimosi mwaka 1902, na ambayo ibada yake ya asili ni kukaa kimya pamoja, kila mmoja akiingojea nuru ya Mungu ndani ya moyo wake. Gereza walilolikuta mjini mwao lilikuwa limewachanganya wanaume na wanawake, watoto na majambazi, wadeni na wauaji, na pombe ikiuzwa humo humo. Nao wakaona kwamba dawa ya fujo ile ni upweke. Utulivu ambao wao waliuonja kwa hiari, pamoja na wenzao, kisha wakarejea majumbani kwao kula chakula cha mchana, walidhani utamfaa mwizi akipewa kwa nguvu, peke yake, kwa miaka. Hapo ndipo lilipo kosa, na mengine yote yalitoka humo.

Gereza la fikra hiyo lilipokea mfungwa wake wa kwanza tarehe 25 Oktoba 1829, mahali palipoitwa Cherry Hill, huko huko Philadelphia, kwa ramani ya msanifu John Haviland, aliyezungusha ukuta wa futi 30 kwenda juu na ndani yake akapanga safu saba za vyumba zilizotoka kwenye kitovu kimoja. Kila mfungwa alikuwa na chumba chake, upana futi 8 na urefu futi 12, chenye dari la kuba na kidirisha kimoja juu kabisa, na maji ya bomba, na choo cha kuvuta, vitu ambavyo wakati huo hata Rais wa nchi hakuwa navyo nyumbani kwake; na nyuma ya chumba palikuwa na kiwanja kidogo chenye kuta ndefu, ambamo alitoka kupunga hewa muda wa saa moja kwa siku. Alipoletwa alivikwa kofia ya kitambaa iliyomfunika uso wote, asiione njia wala asionwe na mtu, na jina lake likaachwa ikashikwa nambari. Barua hazikumfikia, jamaa hawakuruhusiwa kumzuru, na kitabu chake kilikuwa Biblia. Kazi alipewa, aghalabu kushona viatu au kufuma nguo, naye Alexis de Tocqueville, mwanachuoni wa Kifaransa aliyelizuru gereza mwaka 1831 akawahoji wafungwa mmoja mmoja vyumbani mwao, alisikia kwa wengi kwamba kazi ile ndiyo faraja yao. Wala sishangai, maana mtu aliyenyimwa uso wa binadamu mwenzake atapenda hata ngozi na sindano.

Kazi hiyo yenyewe ilitiwa kwa sababu ya yaliyokwisha kutokea kwa majirani. Siku ya Krismasi ya mwaka 1821, katika gereza la Auburn, jimbo la New York, wafungwa 80 walitiwa kila mmoja peke yake, usiku na mchana, bila kazi ya aina yoyote. Haukupita mwaka ila watano walikuwa wamekufa, mmoja amerukwa na akili, na mwingine, mlango wake ulipofunguliwa, alichomoka akajitupa kutoka orofa ya juu. Gavana alilazimika kuwasamehe 26 na kuwafungua, na katika hao 14 walirudi gerezani baada ya muda mfupi kwa makosa mapya. Kwa hiyo ilijulikana, miaka kadha kabla ya malango ya Cherry Hill kufunguliwa, kwamba upweke hauleti toba na kwamba huharibu akili. Na watu wa Philadelphia wakajifunza nusu ya funzo lile, wakaongeza kazi, wakauacha upweke pale pale.

Yaliyofuata yalikuwa ya kutazamiwa. Wafungwa waligonga mabomba ili wasikie kugongewa, na wakaitana kupitia mifereji ya vyoo, kwa kuwa haja ya kusema na mtu haizimwi kwa amri. Mmoja wao, aliyeadhibiwa kwa sababu hiyo ya kusema mwaka 1833, alitiwa mdomoni lijamu ya chuma iliyobana ulimi, ikafungwa kwa mnyororo na mikono yake nyuma ya shingo, naye akafa. Bunge la jimbo likaunda tume ya uchunguzi, na utaratibu wa gereza ukaendelea.

Mwaka 1842 alikuja Charles Dickens, mtunzi wa hadithi, akapitishwa chumba kwa chumba. Katika aliowaona alikuwamo baharia aliyekuwa amekwisha kaa miaka 11 na zaidi, akikaribia kufunguliwa, ambaye kila alipoulizwa neno aliitazama mikono yake na kuidonoadonoa nyama ya vidole, akiinua macho mara moja kisha akiyarudisha pale pale. Na msimamizi alipoulizwa habari yake, alisema ndiyo tabia ya mtu yule. Dickens aliandika kwamba mateso haya ya polepole ya akili ni mabaya kuliko mateso yoyote ya mwili, kwa kuwa alama zake hazionekani wala kilio chake hakisikiki, na wakuu wa gereza wakamkasirikia. Waganga wao nao, walipokuta wenye wazimu katika vyumba, waliandika kwamba sababu ni uchafu wa siri wa wafungwa wenyewe. Nami naliona jambo hili kuwa baya kupita lijamu ya chuma, kwani mtu ameharibiwa akili kisha akaandikiwa kwamba kosa ni lake.

Wakati huo huo ramani ya Haviland ilikuwa inaenea duniani. Waingereza walifungua Pentonville, London, mwaka 1842 wakikusudia miezi 18 ya upweke kwa kila mfungwa, na wazimu ulipozidi wakapunguza hadi 12, kisha 9. Mwaka 1890 Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe, kwa kalamu ya jaji Samuel Miller, ilitamka kwamba wengi waliofungwa kwa upweke walipumbaa hata wasizindukane, wengine wakawa wendawazimu, wengine wakajiua. Cherry Hill iliuacha upweke kwa sheria mwaka 1913, ingawa vyumba vilikuwa vimekwisha kujaa wafungwa wawili wawili kwa wingi wao, na ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa mwaka 2015, zikapewa jina la Nelson Mandela, zinakataza kumweka mfungwa peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Ulimwengu ulichukua karibu miaka 200 kuifikia idadi hiyo, ilhali ushahidi uliotosha ulikuwa umekwisha kuandikwa Auburn.