Kutoka Karatasi ya Siku hadi Kitabu

Katika miaka ya karibuni limetokea kundi la waandishi wa Kiswahili ambao kalamu yao imekulia katika intaneti. Huandika makala asubuhi, na kabla ya adhuhuri zimekwisha kusomwa Tanga, Lamu, Bujumbura na Maskati. Ujira wao, kama upo, hupimwa kwa hesabu ya macho yaliyopita juu ya maandishi. Mara nyingi mada huchaguliwa na mtu mwingine, na jina la mwandishi halitajwi. Baadhi yao sasa huiacha kazi hiyo. Hufunga mlango wa makala za kila siku, hukaa na mswada mmoja mwaka baada ya mwaka, kisha huupeleka kwa mchapishaji na kungoja. Wanaowatazama hustaajabu. Mtu aliyekuwa na wasomaji mkononi huwaachaje, akaenda kutafuta wengine asiowajua?

Jambo hili laonekana jipya kwa sababu chombo ni kipya. Safari yenyewe ni ya zamani. Fasihi ya Kiswahili ya maandishi ya kilatini ilianza kusomwa na watu wengi katika karatasi za siku na za mwezi, na vitabu vyake vikubwa viliandikwa na watu waliovuka kutoka huko. Yafaa basi kuuliza waliovuka walivukaje, walilipa nini, na wale ambao hawakuvuka walipatwa na nini. Jawabu la maswali hayo lina faida kwa mtu aliyesimama leo ukingoni akiwa na mswada kwapani.

Kabla ya magazeti, shairi la Kiswahili lilikaa katika vinywa vya watu na katika hati chache za kiarabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi ya siasa, mapenzi na njaa ambayo mji mzima uliyajua. Hakuwa na mchapishaji wala hakumhitaji. Baraza lilikuwa gazeti lake na kumbukumbu ya watu ilikuwa maktaba yake. Lakini kumbukumbu huzeeka pamoja na wenyewe. Mashairi hayo yangalifuata njia ya wengi waliosahauliwa kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingaliyakusanya kutoka kwa wazee wa Mombasa na kushirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuyahifadhi. Kitabu cha Diwani ya Muyaka kilitolewa na William Hichens mwaka 1940, karne moja baada ya mwenyewe kuingia kaburini. Hapo laonekana fundisho la kwanza: kazi njema haivuki kwa wema wake peke yake. Lazima awepo mtu wa kuivusha.

Magazeti yalikuja na wamisionari na serikali. Msimulizi lilianza Zanzibar mwaka 1888, na Kiongozi likaanza Tanga mwaka 1904 chini ya serikali ya Wajerumani. Lakini karatasi iliyokuwa shule kuu ya waandishi ni Mambo Leo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwezi Januari 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika. Lilikuwa gazeti la serikali, nalo halikuficha shabaha zake. Lilifundisha kilimo, afya na utii. Hata hivyo, kurasa zake za barua na mashairi ziliwapa watu jambo ambalo serikali haikulikusudia lote. Karani wa bandari, mwalimu wa shule ya kijijini na mkulima aliyejua kusoma walikutana hapo bila kuonana. Mmoja aliuliza swali kwa shairi. Katika toleo jingine mtu wa mkoa wa mbali alimjibu kwa vina vile vile. Wa tatu akaingia kuwaamua. Yalikuwa malumbano ya baraza yaliyopewa miguu ya posta.

Faida za karatasi hiyo kwa mtunzi zilikuwa tatu. Ilimpa msomaji asiyekuwa jirani yake, kwa hiyo alilazimika kusema kwa lugha itakayoeleweka mbali na kwao. Ilimpa kipimo, kwa maana nafasi ilikuwa finyu na mwenye maneno mengi alikatwa. Tena ilimpa jawabu, na mtunzi anayejibiwa hukua upesi kuliko anayesifiwa. Lakini karatasi ile ile ilikuwa na kasoro moja isiyoponyeka. Mwezi ukiisha, toleo jipya lilifika, na la zamani likaenda kufungia sukari dukani. Maelfu ya beti zilisomwa na nchi nzima kwa siku chache, na leo hazipatikani ila katika nyaraka, ambako mtafiti mmoja mmoja huzifunua.

Wakati huo huo kitabu cha Kiswahili kilikuwa na mabawabu wake. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930 kusanifisha lugha katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na vitabu vya shule vilipitia katika mikono yake. Msomi hawezi kuidharau kazi hiyo. Kamusi ya mwaka 1939 na tahajia moja ni matunda yake. Lakini tazama ni vitabu gani vilivyowekwa mbele ya vijana. Mwaka 1929 mwanafunzi aliyetaka hadithi ndefu alipewa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Mwingereza Rider Haggard. Waswahili wenyewe walikuwa wakitunga gazetini, na Mwingereza alikuwa akisomwa kitabuni. Karatasi ya siku ilikuwa ya wenyeji, na karatasi ya miaka ilikuwa ya wageni. Kwa sababu hiyo kuvuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili kulikuwa na maana kubwa kuliko tamaa ya mtu mmoja kutaka jina. Kulikuwa ni kudai mahali.

Hakuna aliyelidai dai hilo kwa subira kuliko Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akaingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikula mshahara wa serikali. Mashairi yake yalijulikana kwanza katika Mambo Leo. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Pambo la Lugha, kilitolewa mwaka 1947, nacho hakikutolewa Tanga wala Dar es Salaam. Kilichapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kilichokuwa na mfululizo wa vitabu vya lugha za kiafrika. Mtunzi wa pwani ilimpasa kupeleka maneno yake kusini kabisa mwa bara ili yarudi nyumbani yakiwa na jalada. Baadaye kikaja Kusadikika mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952, vyote chini ya wachapishaji wa Uingereza.

Msomaji akiishia katika tarehe hizo atadhani ni hadithi ya ushindi. Tarehe nyingine zasema zaidi. Shaaban Robert alifariki mwezi Juni 1962. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Miswada hiyo ilikaa ikingoja, na mwandishi akatangulia. Beti aliyoipeleka gazetini ilisomwa na kujibiwa naye angali hai. Riwaya aliyoipeleka kwa mchapishaji ilisomwa na watoto wa wasomaji wake. Lakini ni riwaya hiyo iliyokaa darasani mpaka leo. Hiyo ndiyo bei ya kitabu ikitajwa bila kupambwa. Mwandishi hutoa uhakika wa kusikilizwa sasa, akanunua uwezekano wa kusikilizwa daima, na muuzaji hamwekei dhamana.

Si kila aliyevuka alingoja hivyo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alikuwa mtu wa magazeti. Tangu mwaka 1948 alifanya kazi katika Zanzibari, kisha katika Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Huo ndio wakati Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kukaa Nairobi, lilipoendesha mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958. Abdulla alipata nafasi ya kwanza. Mwaka 1960 mswada wake ukawa kitabu, Mzimu wa Watu wa Kale, na Bwana Msa mwenye kiko chake akaingia katika fasihi ya upelelezi ya Kiswahili, asitoke tena.

Mambo mawili yafaa kuangaliwa katika habari hii. La kwanza, Abdulla hakulitupa gazeti alipopata kitabu. Aliendelea kuhariri Mkulima mpaka alipostaafu mwaka 1968, na mwaka huo huo Kisima cha Giningi kikatoka. Mazungumzo ya Bwana Msa, mepesi na ya mkato, yana alama ya mtu aliyezoea msomaji asiyekuwa na muda wa kupoteza. Kitabu chake kilivuna mbegu iliyooteshwa gazetini. La pili, alivuka kwa daraja. Palikuwa na tangazo lililomfikia kila mtu, waamuzi, na shirika lililofungamanisha tuzo na uchapishaji. Shaaban Robert alivuka kwa kuogelea; Abdulla alipita juu ya mbao. Kipaji cha kila mmoja hakina shaka, lakini tofauti ya miaka yao ya kungoja haikuletwa na vipaji.

Daraja nalo lina mlinzi na ushuru. Shirika la Vitabu lilikuwa chombo cha serikali za kikoloni, nalo lilichagua lililoliona salama. Mchapishaji wa London alitazama soko la shule kabla ya kutazama uzuri wa sentensi. Mwandishi aliyetaka kupita alipunguza lahaja yake na pengine hasira yake. Mtu wa intaneti anayelalamika leo kwamba mhariri wa kitabu humkata maneno anarudia malalamiko ya zamani, na malalamiko hayo mara nyingine yalikuwa ya haki. Lakini mkono huo huo uliokata ndio ulioondoa makosa, ukapanga sura, ukauliza swali ambalo rafiki hakuthubutu kuuliza. Karatasi ya siku humpa mwandishi wasomaji wengi. Kitabu humpa kwanza msomaji mmoja mkali.

Baada ya uhuru madaraja yaliongezeka, kisha mengine yakavunjika. Tanzania Publishing House ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, na kwa mara ya kwanza mswada wa Kiswahili uliweza kupata mchapishaji wa taifa lake. Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki lilikufa na Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977. Miaka ya shida ya karatasi na fedha ikafuata, na soko la shule likabaki karibu soko pekee. Waandishi wengi walirudi katika hadithi za gazetini zilizoandikwa sehemu kwa sehemu, ambako msomaji alingoja toleo lijalo kwa hamu. Nyingi za hadithi hizo hazikupata jalada. Zilipendwa, zikasimuliwa katika mabasi, zikapotea. Historia ya fasihi haiwezi kuzitia katika hesabu, na hasara hiyo haikuwapata wenyewe tu; lugha nzima ilipoteza.

Intaneti imefungua tena baraza, na pana kuliko lile la Mambo Leo. Lakini wanaodhani kwamba neno lililowekwa humo limehifadhiwa hukosea. Ukurasa hudumu kwa muda ambao mwenye nao hulipa ada, au kanuni humruhusu. Mwezi Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mchapishaji wa mtandaoni kuwa na leseni ya shilingi 1,000,000, mbali na ada nyingine, na kurasa kadha wa kadha zilinyamaza. Kanuni hizo zilirekebishwa mwaka 2020 na mwaka 2022. Hata hivyo ilikwisha kuonekana kwamba maktaba hiyo yaweza kufungwa kwa siku moja. Gazeti la zamani lilifungia sukari, lakini angalau nakala moja ilisalia katika nyaraka. Ukurasa uliofutwa huenda usiache hata karatasi ya kufungia.

Madaraja nayo yameanza kujengwa upya. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell iliundwa mwaka 2014, na katika washindi wa mwaka 2015 alikuwamo Mohammed Khelef Ghassani, mwandishi wa habari wa Zanzibar, ambaye mswada wake wa ushairi, N'na Kwetu, ukawa kitabu. Nchini Tanzania Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza mwezi Aprili 2023. Mwenendo ni ule ule wa mwaka 1957: tangazo, waamuzi, kisha uchapishaji. Mlango ni mwembamba, lakini aliye nje aweza kuuona ulipo.

Historia hii haimwamuru mwandishi kuuacha mtandao, wala haimkatazi. Yamwonyesha kwamba waliofaulu hawakuondoka kwa dharau. Walichukua kutoka karatasi ya siku ufupi wake, sikio lake na heshima yake kwa msomaji, wakaviingiza katika kazi iliyotaka miaka. Yamwonya pia kwamba anayevuka hawezi kudai malipo ya pande zote mbili. Akitaka kujibiwa jioni, abaki na makala. Akitaka kubishana na watu ambao bado hawajazaliwa, na aketi na mswada, akijua kwamba huenda asisikie jawabu lao.

Kwa vyuo na wachapishaji swali ni jingine, nalo ni zito zaidi. Mwalimu Sikujua alikwenda kwa wazee kabla hawajafa. Nani sasa anapita katika kurasa zinazofutwa, akiuliza ni Muyaka yupi aliyemo ndani yake?