Ramani inayowachenga wageni London

Wadau, mgeni akishuka London, mkombozi wake kwenye treni za chini ya ardhi ni ile ramani ya mistari ya rangi. Aliibuni Harry Beck mwaka 1931, jamaa aliyezoea kuchora michoro ya umeme. Wakubwa wakaikataa kwanza, eti haionyeshi umbali halisi! Ilipotolewa 1933, abiria wakaipenda hapohapo.

Ila wale wakubwa nao walikuwa na hoja. Leicester Square hadi Covent Garden ni kama mita 260 tu, lakini ramani inavyoonyesha utadhani ni safari. Mgeni anapanda, analipa nauli ileile ya kukatiza katikati ya jiji lote. Jamani, kwa pauni zetu hizi za mwanafunzi? Hapo ni dakika kama tano kwa miguu.