Mtunzi na Wapigaji Wake

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Msomaji, likumbuke neno hili usikiapo sifa za Duke Ellington, mtunzi wa jazi aliyezaliwa Washington, Marekani, mwaka 1899. Watunzi wengi huandikia ala. Yeye aliwaandikia watu. Aliijua pumzi ya kila mpigaji wake, na mara nyingi alijenga utunzi mzima juu ya sauti chache alizozisikia kwa mmoja wao.

Isikilize santuri ya mwaka 1940, "Concerto for Cootie", ambayo jina lake lenyewe lamtaja mpigaji. Cootie Williams aliziba mdomo wa tarumbeta yake, ikanong'ona na kunguruma kama mtu asemaye. Kisha akauzibua, sauti ikatoka wazi na pana. Mwaka ule ule Williams aliihama bendi. Maandishi yalibaki, lakini sauti ile alikwenda nayo.

Harry Carney, aliyepiga saksafoni nzito, yeye alikaa tangu 1927 hata Ellington alipofariki mwaka 1974.

Tena, mwaka 1956 huko Newport, wengi walipodhani kwamba zama za bendi hii zimepita, Paul Gonsalves alisimama na saksafoni yake akapiga mizunguko 27 mfululizo. Watu waliinuka vitini, na jina la Ellington likafufuka.

Jalada la santuri hubeba jina moja kwa herufi kubwa. Basi wewe, usikilizapo, uyatafute na yale madogo.